Alhamisi kwa Ba

Hansa hajui kuandika Kiswahili, ila anakisema, na mwezi uliopita aliniletea ujumbe wa sauti wenye kelele za feni nyuma yake. "Zuwena, nipo Maskati. Nipo kwa mwanangu Dilip, Khuwair ya Kusini. Njoo unione. Na ulete mkate wa Ba." Nilikuwa jikoni kwangu, mwiko mkononi, nikausikiliza mara tatu. Miaka thelathini na ushei sijaisikia sauti ile, na badala ya kufurahi kama watu wengine, nilishikwa na hofu mpaka nikakaa kitako. Ba, mama mkwe wake, amekwisha kufa zamani. Nyumba yao ya Matrah sasa ni ghala la mabegi. Lakini mkate ule una siri, siri ni yangu mimi, na Hansa ni mmoja wa waliokula.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka Unguja juzi juzi, nakaa kwa Shangazi Thureya katika fleti ya ghorofa ya tatu pale Hamriya, nangojea karatasi zangu za masomo. Zilikuwa zikija kesho kila siku. Shangazi alikuwa kazini serikalini, wanawe shuleni, nami nilibaki na mashine ya kufulia na dirisha linalotazama vibao vya maduka. Kiarabu nilikuwa nacho, lakini kilikuwa cha msahafu. Nikishuka kuomba maziwa dukani, muuzaji hunitazama kana kwamba nimepanda mimbari. Watoto wa shangazi walikuwa wakinicheka mpaka wanalala chini. Kupika nilijua kidogo, kushona sijui, gari siendeshi. Hakuna jambo hata moja katika mji ule ambalo mtu angesema, mwiteni Zuwena, yeye ndiye analiweza. Leo nikiwaona wasichana wanaokuja kutoka bara kufanya kazi kwenye majumba ya watu, wamekaa wima kwenye kochi la ofisi wanangoja tajiri aje, nakujua kule kukaa wima. Mtu hukaa hivyo akiwa hana mahali pa kuegemea.

Shangazi alikuwa akinunua vitambaa kwa Baniani mmoja wa Matrah, Kishor, mtu mpole mwenye futi ya kupimia shingoni wakati wote, hata akinywa chai. Siku moja alinisikia nikimnong'oneza shangazi kwamba rangi ile imepauka, akaacha kupima. "Huyu anaongea kama mama yangu," alisema. "Mama yangu mzaliwa wa Unguja. Hapa anaongea Kiswahili na sufuria tu. Mleteni." Basi kila Alhamisi asubuhi, siku ya mapumziko wakati ule, shangazi alinishusha Matrah aende sokoni kwake, nami nikaingia kichochoro kilicho nyuma ya maduka. Zilikuwa nyumba saba tu, zimebanana, zote za Wahindi wa Kachi, milango imepakwa rangi ya samawati na juu yake wamening'iniza maua ya plastiki ya manjano. Mrehani wao wa ibada umeoteshwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Harufu ni ya mvuje uliotupiwa kwenye samli ya moto, na ngazini wanawake wanachagua mchele na kusemana. Ngome ya Wareno ilikuwa juu ya vichwa vyetu kabisa, mtu akiinua shingo anaiona, lakini sikumwona mmoja wao akiinua shingo. Walikuwa wakianika nguo na kuiuliza ngome kama itapiga kivuli mapema.

Ba Kasturi alinipokea amekaa juu ya bembea ya mbao iliyofungwa kwa minyororo katikati ya sebule. "Shikamoo, Ba," nikasema, kwa kuwa Kishor alinifunza kumwita hivyo, na maana yake ni mama. Alifumba macho. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Nnakaa hapa miaka yote hii, hapana mtu aliyeniamkia kwa Kiswahili isipokuwa huyu Hansa, na Hansa nimemfunza mwenyewe, kwa hiyo haihesabiki." Hansa, mkwe wake, alikuwa mlangoni na sinia la chai, kijana, mwembamba, amekuja kutoka Mandvi, mji wao wa Kachi, kuolewa na Kishor akakuta mama mkwe anayegomba kwa lugha ya Waafrika. Alicheka. "Alinipiga na kijiko nikikosea," alisema.

Siku zile Ba alikuwa ametoka kuumwa, na chakula hakimpiti. Hansa alimwekea chapati nyembamba kama leso, dengu, maziwa ya mgando, vyote vinarudi vilivyo. Nikamsikia Kishor akimwambia mkewe kwa sauti ya chini, na sikuhitaji Kikachi kuelewa, kwamba mama akiendelea hivi hatoiona baridi. Nikamuuliza Ba mwenyewe, roho yako inataka nini? Akanijibu papo hapo, kana kwamba alikuwa akingoja kuulizwa: "Mkate wa kumimina. Wa Bi Moza." Bi Moza alikuwa jirani yake wa Unguja, Mwislamu, ukuta mmoja. Alikuwa akija kumpikia mkate ule ndani ya jiko la Ba, kwa sufuria ya Ba, mchele na tui na iliki, bila ya yai, kwa sababu nyumba ya Ba haijawahi kuingia yai, wala samaki, wala nyama, tangu babu wa babu yake. "Wenzangu humu ndani watanisema nikila kwa mkono wako," aliniambia. "Waache waseme. Mkono wa Bi Moza ulinilea nikiwa mwari. Wewe nawa, ingia, pika. Lakini sharti ni lile lile."

Nikapika. Yeyote anayeujua mkate wa kumimina anajua kwamba una roho yake mwenyewe. Unasaga mchele uliolowekwa, unautia tui na hamira na sukari, unauacha uumuke, unaumimina ndani ya sufuria yenye moto, halafu ukishashika chini unaipindua sufuria nzima kifudifudi juu ya moto ili uso wake uive. Ukiwa haukushika, unauona unaanguka wote jikoni. Wangu ulianguka. Wiki ya pili haukuanguka, ukakaa kama tofali. Wiki ya tatu uliumuka vizuri ukanywea. Kila mara Ba alimega kidogo, akatafuna muda mrefu, akasema, "Ahsante, mwanangu, umejitahidi," akakiweka kipande pembeni ya sahani kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko kicheko cha watoto wa shangazi.

Wiki ya nne nilikuja na kichupa. Kilikuwa cha dawa ya kikohozi, nimekiosha na kukichemsha, na ndani yake mna ute wa mayai mawili. Mamangu alikuwa akitia ute kila akipika mkate ule. Kwetu sisi mkate bila ya ute si mkate. Hansa akaniuliza, nini hicho? Nikamwambia, maji ya hamira. Sikuona haya hata kidogo. Nilijiambia kwamba mgonjwa halaumiwi kwa dawa asiyoijua, na aliyempa naye Mungu anamwona nia yake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ina ukweli nusu. Nusu ya pili, ambayo sikuitamka hata moyoni mpaka nilipokuwa mtu mzima, ni kwamba nilitaka sifa. Nilitaka pawe na jikoni moja Maskati nzima ambamo mimi naweza.

Mkate ulitoka mweupe, wenye matundu, kingo zake kahawia. Ba alimega, akatafuna, akaacha kutafuna. Machozi yakamtoka. Alikula robo nzima, akadai chai, akala tena. Kishor alikuja kutoka dukani na futi yake shingoni akasimama anamtazama mama yake anakula, halafu akaniinamia mimi, msichana wa miaka kumi na minane, kichwa chake kikashuka mpaka nikaona kipara chake. Tangu siku hiyo nikawa mtu. Wanawake wa ngazini walinisogezea nafasi. Hansa, aliyekuwa na mimba changa na hakiingii kitu, akawa hali ila mkate wangu. Na kila Alhamisi kichupa kilikuja ndani ya mkoba wangu, kimezungushiwa leso, na kila nikikifungua mgongo wangu unakuwa mlangoni.

Ba alipopata nguvu, na jua lilipopoa, tukaanza kutembea. Hizo ndizo asubuhi nilizojifunza Maskati. Tulipita soko la samaki, Ba amejiziba pua kwa upindo wa sari na huku anauliza bei ya kila samaki, apate kujua tu watu wanaibiwa kiasi gani. Alinifunza Kiarabu cha dukani, maneno ya kushusha bei na maneno ya kuondoka bila kununua. Siku nyingine tulichukua teksi mpaka Maskati ya zamani, akaingia hekaluni kwake nami nikamngoja nje kivulini na viatu vyake, halafu akatoka ananipa maua na kuniambia nimeombewa, nisikatae, haidhuru. Lakini alipopapenda zaidi ni Riyam, ambako mwaka ule chetezo kikubwa kile cheupe cha udi, kilichojengwa juu ya kilima, kilikuwa bado kipya na watu wanakuja kukistaajabia. Ba alikuwa akikaa kwenye benchi chini yake na kukitazama. "Chetezo kizima, hakitoi moshi," alikuwa akisema. "Bi Moza angekiona angekwenda kuwaletea makaa."

Ilikuwa pale pale kwenye benchi, Alhamisi moja ya baridi, aliponishika mkono akaniambia kwamba kesho ni siku ya kumbukumbu ya mumewe. Maharaj, kuhani wetu, atakuja, atakula vyake alivyozoea. "Lakini mzee wangu tangu afe hajala chakula cha Unguja. Leo ukinipikia, alfajiri nnapandisha kipande juu ya paa, kwa kunguru. Kwetu sisi kunguru wakila, marehemu amekula." Alikuwa anacheka kama mwari. "Nimemwambia jana kwenye ndoto, ngojea, mwanangu anakupikia."

Kichupa kilikuwa mkobani, kwenye paja langu. Walio hai niliwadanganya miezi mitano na usingizi nikalala. Maiti wa watu, mume wa mtu, aliyeahidiwa ndotoni, nilishindwa. Nilikitoa kichupa nikakiweka juu ya benchi baina yetu, nikamwambia ni nini, na tangu lini. Nilikuwa nalia hata maneno yanaingiana, ikabidi niyarudie.

Ba alikitazama. "Ute tu, au na kiini?"

"Ute tu, Ba."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi. Isipokuwa tatu za mwanzo."

"Zile ulizoharibu."

"Ndiyo, Ba."

Aliinuka. Tulirudi kwa teksi, yeye mbele, mimi nyuma. Alipofika nyumbani aliingia kuoga na sari yake mwilini, nikasikia maji yakimwagika muda mrefu sana. Nilisimama sebuleni karibu na bembea, sijui nikae, sijui niondoke. Hansa hakuwepo, alikuwa kwa daktari. Ba alitoka na nywele zinachuruzika, akaenda jikoni, akaitoa ile sufuria nzito ya mkate, aliyokuja nayo kutoka Unguja alipohama, akaifunga kwa gazeti na kamba ya katani na kunitia mikononi.

"Hii chukua," akasema. "Isirudi tena humu ndani."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua ndiyo mwisho.

"Wewe," akasema, "urudi. Alhamisi, kama kawaida." Akashusha sauti. "Na Hansa usimwambie. Ana mimba, atatapika mpaka mtoto amtoke mdomoni. Hili tulishike mimi na wewe."

Wiki ile nililala na sufuria miguuni. Shangazi Thureya aliniuliza, "We Zuwena, wallahi umepungukiwa? Nani analala na sufuria?" Nikamwambia ni zawadi, nayo ilikuwa kweli. Alhamisi nikarudi, nimejikaza kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Ba alikuwa amekonda kidogo usoni. Majirani aliwaambia siku ya kumbukumbu kichwa kilimuuma, ndiyo maana hapakuwa na mkate. Jikoni palikuwa na sufuria mpya, bado ina karatasi ya dukani. "Leo tunapika sote," akasema, akavuta kigoda. Alinitazama nikisaga, nikitia tui, nikiangalia saa ya ukutani. Hapo akanipiga mkono kwa kijiko, kama alivyompiga Hansa. "Unaangalia saa ya nini? Hiyo ni saa ya mama yako, ya Unguja. Jikoni humu ni tanuri, sebuleni ni barafu ya AC. Utazame unga, mtoto! Ukianza kupumua, uumimine." Wiki ile ulinywea kidogo. Iliyofuata ukasimama. Haukuwa na yai, ulikuwa na matundu, na ulikuwa mtamu, ingawa siwezi kuapa kwamba ulikuwa mtamu kama ule mwingine. Tukapandisha kipande juu ya paa, tukajificha nyuma ya tangi la maji, bibi wa watu na mimi. Kunguru watatu wakaja. "Mzee amekubali," alisema Ba. "Alikuwa na njaa."

Karatasi zangu zilitoka kabla mwaka haujaisha. Dilip akazaliwa. Baadaye duka la Kishor likafungwa, wakarudi Mandvi na Ba, na mimi nikaolewa, nikasomesha, nikazeeka. Khabari ya kufa kwa Ba ilinifikia baada ya mwezi, kwa mdomo wa fundi cherehani. Sikumwuliza mtu lolote. Nilikwenda Riyam nikakaa kwenye benchi.

Basi, juma lile la ujumbe wa Hansa nilinunua sufuria mpya, kwa sababu ile ya Ba huku kwangu imekwisha kupika mayai ya kila namna, nikautazama unga mpaka ukapumua, nikaenda Khuwair. Hansa amekuwa mnene, magoti yanamsumbua, nywele zimekuwa nyeupe katikati. Tulikumbatiana tukayumba. Dilip, aliyekuwa tumboni mwaka ule, ana upara wa baba yake. Alitusalimia, akatafuta funguo za gari, akaondoka. Hansa aliukata mkate, akala kimya, akatikisa kichwa kwa raha.

"Unajua, Zuwena," alisema, "kuna jambo nataka kukuuliza wewe, maana wewe ulikuwa naye. Ba kila mwaka, siku moja kabla ya kumbukumbu ya mzee, alikuwa hali. Hata maji hanywi mpaka jua lizame. Mpaka mwaka wa mwisho, yuko kitandani, daktari anagomba, hali. Tukimuuliza, jibu moja tu: 'Kwa ajili ya binti yangu.' Sisi tukajua ni yule mtoto aliyemzika Unguja, aliyekufa kwa surua. Sasa Ba hayupo, nafunga mimi. Nimwachie nani? Mwaka huu ni Jumatano ijayo. Yule mtoto alikuwa anaitwa nani? Ba hakutwambia jina, na mimi namwombea bila ya jina."

Siku moja kabla ya kumbukumbu. Benchi, kichupa, maji yanayomwagika juu ya sari. Niliweka kikombe chini. Ba aliniambia nisimwambie Hansa kwa sababu ya mimba, na mimba imeondoka sasa hivi na funguo za gari. Nikamwambia yote, tangu ute wa kwanza mpaka sufuria.

Akakisogeza kisahani. "Na huu?"

"Huu hauna. Na sufuria haijapata kuona yai."

"Mimi nilikula ule? Na tumbo langu?"

"Kila Alhamisi, Hansa. Nisamehe."

Alitazama mlango aliotokea mwanawe. "Dilip anakula mayai kila asubuhi," akasema taratibu. "Anafungua dirisha, anadhani sisikii harufu. Kumbe nilimwanzisha mwenyewe!" Akaanza kucheka, matumbo yanamtikisika, mpaka kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa sari. "Miaka yote namfungia mtoto wa surua," alisema. "Kumbe alikuwa wewe."

Nilimpenda Ba siku ile kwa uchungu kuliko siku zote alizokuwa hai, na nilitamani anipige na kijiko. Baadaye nikamwambia, "Jumatano wewe kula. Saumu hiyo ni yangu."

"Na sukari yako?" aliuliza, maana chai nilimwomba isiyotiwa kitu.

"Nitamwuliza daktari."

"Usimwulize. Funga," alisema Hansa. "Magharibi njoo ufuturu hapa."

Jumatano alfajiri binti yangu Aisha alinikuta jikoni nakula daku taa imewashwa. "Mama, Ramadhani bado. Leo hata Alhamisi si. Unafunga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mama yangu."

"Bibi wa Unguja?" aliuliza, akapiga mwayo, tayari amegeuka kurudi kulala.

Nikamvutia kiti. "La," nikamwambia. "Kaa nikwambie."